Senti Kumi Isiyo na Tundu

Jumatatu, 9 Septemba

Robi kaondoka! Kaenda kwao Kiabakari na godoro, maana jana mvua ilinyesha chumbani kuliko nje. Kasema atarudi siku atakayoona bati jipya juu ya kitanda, siyo siku atakayosikia mpango mpya. Mke wangu ana maneno!

Ila mpango ninao. Marehemu bibi aliniachia senti kumi za mkoloni, zile zenye tundu katikati. Saba alikuwaga anazivaa shingoni kwa kamba. Ya nane kaifunga kitambaani peke yake. Haina tundu, haivaliki. Maskini bibi, walimpunja.

Jumatano, 11 Septemba

Shemeji Mugeta, kaka yake Robi, kapita hapa Kitaji. Ana shilingi ya zamani yenye simba, anaitembeza kanisani kama pete ya askofu. Kasema Jumamosi kuna mnunuzi wa sarafu anakuja Bunda. Nikamwonyesha yangu isiyo na tundu. Kacheka mpaka kakohoa. Eti kasoro ya kiwandani, nani anaijua hiyo? Nimeumia. Kweli nimeumia.

Lakini kasoro si inarekebishwa?

Ijumaa, 13 Septemba

Buhare, kwa Baltazar, fundi wa mageti. Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia yeye atoboe tu, mambo ya akili aniachie mimi. Tundu katikati kabisa! Kisha nimeisugua kwa majivu na limau. Inawaka! Nimempigia Robi, nikamwambia aanze kukunja godoro. Hakukata simu. Dalili njema.

Jumamosi, 14 Septemba

Bunda. Mnunuzi ni mama mmoja, Tabitha. Simba wa Mugeta kamchukua palepale. Kasema zipo tele, ila kila mtu anaijua na kila mtu anaitaka, kwa hiyo bei ipo. Za kwangu akazisukuma pembeni. Za kawaida. Labda ningekuwa na ile iliyosahaulika kutobolewa! Hiyo ni adimu kuliko simba, ila haina jina, wachache wanaoijua, ndiyo maana huwaga inauzwa chini ya thamani yake. Yeye angetoa bei ya bati ishirini na bado angejiona kaokota. Kaitafuta miaka tisa.

Nikamwonyesha ya nane. Kaitazama kwa lenzi, kavua miwani. Mwisho kasema itafaa kupitishia msumari wa bati.

Mugeta hakucheka. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Jumapili, 15 Septemba

Mugeta kaleta bati mbili kwa hela ya simba, kapanda, kapigilia mwenyewe. Robi karudi na godoro. Kaniuliza jambo moja tu, nimejifunza nini.

Nimemwambia mengi! Sarafu isiyo na tundu ndiyo mali. Mimi ninazo nane, zote zina matundu, na Baltazar ana mashine ya kuchomelea. Kesho saa moja asubuhi nipo mlangoni kwake.