Nyanya Juu ya Mawe ya Sauna

Jumapili, 5 Machi
Kosa la wanaume wengi ni kungoja maumivu. Saratani ya tezi dume mara nyingi haiumi mwanzoni. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi! Leo kaka yangu Ensio kapiga simu kutoka mji wa Oulu. Anayo. Hakuwa akihisi lolote. Akauliza, mdogo wangu, na wewe umepimwa? Nikamweleza kwa utulivu mambo yanayoongeza hatari: umri kupita hamsini, baba au ndugu wa kiume kuwa nayo, unene. Akasema hakuuliza hayo. Mke wangu Aune akadakia kwamba nimejitaja mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Uchokozi!

Jumatatu, 6 Machi
Mpango: kupunguza hatari kwanza, daktari baadaye. Nimpelekee tumbo hili ili anisimange? Nimesoma mahali kwamba eti nyanya zilizopikwa huikinga tezi dume. Nimenunua kreti nzima. Aune kauliza kama nyanya hupima damu. Nikaanza kuzipanga dirishani.

Jumatano, 8 Machi
Zamu yetu katika sauna, chumba cha mvuke cha jengo letu, mimi na Urho wa ghorofa ya chini. Yeye kaweka soseji zake juu ya mawe ya moto ya jiko, ndani ya karatasi ya foili, kama kawaida. Mimi nyanya. Nikamweleza kwamba mwanamume apunguze uzito na nyama za mafuta, atembee kila siku, aache sigara, azungumze na daktari mapema. Alisikiliza kwa adabu ya kutia shaka. Nyanya zikapasuka. Mbegu za moto mgongoni! Urho akacheka hadi akateremkia benchi la chini: "Mwalimu, unajipika supu?" Akanimegea soseji. Nikaila. Kwa uungwana tu.

Ijumaa, 10 Machi
Haivumiliki! Urho kaenda kituo cha afya. Kwa miguu! Daktari kamfafanulia faida na hasara za kipimo, wakakubaliana, katolewa damu. Kanishukuru ngazini mbele ya majirani. Kisha, kwa sauti kubwa: "Na wewe lini, Mwalimu?" Nikasema niko kwenye maandalizi. Aune akakohoa.

Jumatatu, 13 Machi
Ensio tena. Anaanza matibabu wiki hii. Sauti imekuwa ndogo. Akasema hataki tufuatane katika hili, mdogo wangu, kama tulivyofuatana shuleni. Nikamweleza faida za kutembea.

Aune kaniwekea simu mezani, namba ya kituo cha afya tayari kwenye kioo. Nikaipeleka chumbani kuichaji. Ilikuwa imejaa chaji, lakini tahadhari ni muhimu.

Nyanya zimeoza. Kesho naanza bitiruti. Ila sikukaa bure: nimebandika tangazo kwenye mlango wa sauna, herufi kubwa, kwa ajili ya wale wanaume wagumu wa kuelewa. Kama baba au ndugu yako amepata saratani ya tezi dume, usingoje maumivu. Mpigie daktari simu leo.