Kilo ya Sukari kwa Kila Sifa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya hapa Kijenge, Arusha, imeniingia mpaka kwenye meno. Biashara nayo imeganda. Lakini leo Gerson, afisa manunuzi wa kampuni moja ya utalii, amenipigia. Anataka chupa za chai mia mbili za kuweka kwenye magari ya safari. Mia mbili! Nikakaa chini. Akasema ataangalia maoni ya wateja kwenye soko la mtandaoni, na Ijumaa saa sita atamchagua mwenye nyota nyingi.

Nikafungua ukurasa wangu. Maoni mawili. Ya kwanza nimeandika mimi. Ya pili ni ya mteja wa mtaa wa Sokon One, analalamika kwamba chai inapoa kabla mchungaji hajapanda mimbarini. Watu hawana shukrani. Kwani nilimwambia chupa inachemsha?

Anneth, mwenye duka la mlango wa pili, ana maoni sitini na nyota nne na nusu. Siri yake eti ni kuuza chupa zinazotunza joto. Ushamba mtupu.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umepatikana. Atakayeniandikia maoni mazuri anapata kilo ya sukari. Si rushwa. Ni motisha.

Nimekwenda kwa Mwalimu Ndeshi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa usharika wetu. Mstaafu. Amefundisha miaka thelathini na nne, na mimi nimepita mikononi mwake. Nilimwamkia mara mbili. Akauliza kama ni lazima mtu awe amenunua chupa yenyewe. Nikamwambia mtu mwenye imani haulizi risiti. Alinitazama sana. Kisha akauliza kama ni kilo kamili au ya kukadiria.

Jumatano, 16 Julai

Akina mama ishirini na wawili dukani! Kila mmoja na simu yake, kila mmoja na mfuko wake. Waliandika palepale, wakanisomea kwa sauti huku mimi mikono yote ikiwa kwenye sukari. Mmoja kasema chupa yangu imetuliza ndoa yake. Mwingine aliweka chai Krismasi, akainywa Pasaka ikiwa ya moto. Nilitokwa na machozi.

Anneth alichungulia, akauliza kama siku hizi nimekuwa mangi wa duka la sukari. Wivu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamka nina nyota moja. Moja! Maneno yote ni asali, na chini ya kila asali nyota moja. Wote ishirini na wawili!

Nikakimbia kwa Mwalimu Ndeshi. Hakuona tatizo lolote.

"Arnold, kwenye mtihani moja si ndiyo divisheni wani?" alisema. "Ukishuka mpaka tano umefeli. Wewe ulipata divisheni foo, ndiyo maana hujui."

Ni kweli, lakini iliniuma.

Jioni nikawakusanya wote kwenye ukumbi wa usharika. Nikachora nyota tano ubaoni. Nikawaeleza kwamba kwenye simu mambo ni kinyume: tano ndiyo heshima, moja ni aibu. Nikarudia mpaka wakaitikia kwa pamoja. Mwalimu aliandika kwenye daftari na kupiga mstari kwa rula. Waliomba radhi sana. Bahati mbaya lile soko halikubali kubadilisha maoni. Na sukari hakuna aliyerudisha.

Ijumaa, 18 Julai

Gerson amepiga. Amesema hajawahi kuona wateja wanaosifu kitu namna ile huku wanakichukia namna ile. Amechukua za Anneth. Chupa zote mia mbili zimepakiwa mbele ya mlango wangu. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Anneth akaja kunipa pole. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, iliyokuwemo tangu alfajiri. Iliniunguza ulimi. Simsamehe.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nina akina mama ishirini na wawili wanaoweza kuangusha duka zima kwa kulisifu tu. Jeshi kamili! Nikampigia Mwalimu Ndeshi. Kilo mbili kila mmoja, nikasema, waende kwenye ukurasa wa Anneth wakamsifu. Akauliza kama wamsifu kwa moyo wote. Nikamjibu kwa moyo wote, Mwalimu, kama mlivyonisifu mimi.

Akasema nisiwe na wasiwasi, safari hii hawatakosea. Mama wa watu! Nimelala usingizi mzito.

Jumapili, 20 Julai

Nimefungua simu kanisani wakati wa matangazo. Anneth ana maoni mapya ishirini na mawili. Nyota tano. Yote! Sasa hakuna duka la chupa linalomfikia Arusha nzima.

Baada ya ibada Mwalimu Ndeshi akaniita mbele ya watu na kunionyesha daftari lake. Amewapitia mmoja mmoja, na kila jina kaliwekea alama ya vema. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona darasa likishika somo haraka hivyo, na kwamba huenda nilipotea njia, ningekuwa mwalimu. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Sijala mchana. Nimekaa nikitafakari, na kosa nimeliona. Kesho napanda vijijini Oldonyo Sambu na gunia la sukari kutafuta watu wengine. Hao sitawafundisha kitu.