Nilivyokimbia Chai Juu ya Paa

Wanajamvi, leo sina uso. Naandika kutoka internet kafe hapa Xiaobei, Guangzhou, China, na kuna jani la boga nimelitoa kichwani sasa hivi.

Kwa wasionijua: mimi ni mama wa Mbeya, nanunua viatu soko la Zhanxi na kusafirisha nyumbani. Nakaa chumba kimoja na Mado, Mkongo wa Bukavu. Juu yetu ni paa, na juu ya paa nina bustani. (Msianze kucheka, bado.) Mwishoni mwa Agosti nilimwomba nafasi mama mwenye nyumba, tunamwita Ayi, yaani shangazi. Akanipa maboksi meupe ya samaki. Nikajaza udongo, nikafukia mbegu za maboga nilizokuja nazo kwenye pochi. Joto lile! Nilimwagilia asubuhi na jioni. Sasa ni Oktoba, jua limepoa, majani ya chini yameanza umanjano, na boga moja limetunga, kubwa kama ngumi mbili. Ayi hulipapasa kila siku. Nikichuma majani anagomba. Mimi nataka mboga, yeye anataka boga.

Tatizo ni pasipoti. Tangu Olimpiki ya mwaka jana misako ya polisi haikatiki, na pasipoti yangu ina wiki tatu kwa wakala wa viza. Nina kopi tu. Wakikukamata na kopi, unaweza kujikuta kwenye ndege na ndala zako.

Mado, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kikongo chao, alinipa somo siku ya kwanza: "Yaya, ukisikia 'cha', usiulize. Kimbia!"

Maana kukagua kwa Kichina ni cha. Polisi wenyewe ni jingcha. (Ndiyo, na chai pia ni cha. Najua! Lakini mtu asiye na pasipoti anasikia cha moja tu.)

Basi leo saa tatu asubuhi niko juu nachuma majani, nimeshapanga kuyaunga kwa karanga. Mara nasikia Ayi anaita kutoka kwenye ngazi: "Cha! Cha!" Na nyuma yake miguu ya watu. Wengi!

Mlango wa paa ni mmoja. Nikajitupa chini ya kichanja cha mianzi nilichotambazia maboga, katikati ya majani. Tatizo, mimi si mwanamke mdogo. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia, vingine vikabaki nje na kitenge cha majogoo mekundu. Nikafumba macho, kana kwamba nisipowaona na wao hawanioni.

Miguu ikafika. Ikasimama.

Nilisali, jamani. Nikawaza ndio basi, narudishwa. Na mnajua sikuwaza viatu? Niliwaza nani atamwagilia maboga yangu. Nilipata uchungu wa kweli pale chini, nikajionea huruma, mtu mzima nimelala kwenye tope kwa sababu ya karatasi.

Nikaona bora nijisalimishe. Nikatoka kinyumenyume, kwa magoti, nikachomoa kopi kwenye sidiria, nikainyanyua juu.

"Huzhao!" nikalia. Ndiyo pasipoti hiyo. "Huzhao! Afande, nihurumie, nina watoto!"

Nikainua macho.

Ayi ameshika sinia lenye birika. Pembeni yake bibi wawili wa makamo yake, kila mmoja na kigoda chake. Walikuja kuliona boga.

Bibi mmoja akaipokea kopi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaitazama. Akampa mwenzake. "Piaoliang," akasema. Mzuri. (Picha ya pasipoti! Hata mume wangu hajawahi kuisifia.)

Ayi hakucheka. Alinitazama mpaka nikaona ameelewa kila kitu. Akanitoa majani kwenye nywele, moja moja, akaniwekea kikombe mkononi. "Cha," akasema polepole. Kisha akaonyesha ngazi, akatikisa kichwa: "Jingcha, meiyou." Polisi hakuna.

Nikanywa. Nyingine inanimwagikia kwenye kitenge. Haina sukari, haina maziwa, na sijawahi kunywa chai tamu vile. Machozi yakanitoka, nikasingizia moto wa chai. Ayi alipoona boga lake ni zima, hapo ndipo aliponigombeza, na leo nilifurahi kugombezwa.

Nikashuka chumbani nimweleze Mado. Mado hayupo. Viatu vyake vipo, simu ipo. Nikasikia kikohozi ndani ya kabati.

"Yaya," sauti ikanong'ona, "bameenda?"

"Toka, Mado. Ilikuwa chai."

Mlango wa kabati ukafunguka kidogo. Halafu: "Chai ya nani?"

Naomba msitucheke. Na siku mkitukaribisha kwenu, anzeni kwa kutuonyesha kikombe.