Malalamiko Dhidi ya Dume Aliyezaliwa Jike

Otonglo, Kisumu
Jumatatu

Kwa Bwana Wepukhulu,
Afisa wa Kituo cha Vifaranga vya Samaki

Bwana Afisa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Nicodemus Ondiek, mfugaji wa samaki aina ya ngege, na mume wa Dorca kwa miaka tisa. Mtoto bado. Nakuandikia kwa uchungu kuhusu yule ngege dume wa kuzalisha mliyetuonyesha sisi wafugaji Ijumaa.

1. Dume huyo alizaliwa jike. Ulikiri mwenyewe kwamba mlimlisha chakula chenye homoni akiwa kifaranga, akageuka. Mimi nilizaliwa mwanamume na mashahidi wapo.

2. Mlipima mbegu zake hadharani. Dorca alichungulia kwenye hadubini muda mrefu, ukamweleza kwamba tisa katika kila kumi zinaogelea vizuri. Akainua kichwa, akaniangalia mimi muda mrefu zaidi. Njia nzima alisema jambo moja tu: "Mzee, kumbe hii kitu inapimwa dakika tano tu?" Yeye mwenyewe amepimwa hospitali sita, na zote zimesema hana shida.

3. Mama yangu, ambaye miaka hii yote amekuwa akimsema Dorca, sasa ananisema mimi. Anauliza, kama samaki aliyeanza akiwa msichana ameweza, mimi nashindwa na nini? Tangu Jumamosi uji wangu unanuka samaki, na gunia la chakula cha vifaranga linapungua. Nikiuliza naambiwa ninywe kabla haujapoa.

4. Jana kanisani akina mama walimwombea dume huyo maisha marefu. Mimi sikutajwa.

Kwa hivyo nadai mfute matokeo hayo, mmtangaze dume huyo kuwa jike kama alivyoumbwa, na kuanzia leo samaki yeyote asipimwe mbele ya mke wa mtu.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, isipokuwa dume.

Wako niliyeumia,
Nicodemus Ondiek

Tanbihi: Miaka mitatu iliyopita daktari alinipa kikopo cha kupimia mbegu zangu. Nilimwambia Dorca majibu bado yako Nairobi. Kikopo kiko ndani ya koti langu la harusi, hakijafunguliwa. Alhamisi anaenda kupimwa hospitali ya saba. Naomba nije Jumatano na kikopo, uniangalizie kabla hajaondoka. Naogopa sana, Bwana Wepukhulu, lakini nimechoka kumwona akienda peke yake.