Sayari ya Binti Yangu Ipewe Jina Langu

Simeon Wamae,
Karibu na soko la Giakanja,
Tetu, Nyeri.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutoa Majina ya Sayari,
Popote Ofisi Ilipo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

MINTARAFU: MTOTO KUKAA MIEZI MINNE BILA JINA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamati yako. Sisi Giakanja hatujambo, ila mvua imezidi na ng'ombe mmoja anachechemea. Siandiki kwa ugomvi. Mimi ni mkulima wa kahawa, nina miaka sitini na tisa, na nimengoja kwa adabu hadi adabu yenyewe imechoka.

Binti yangu Lynn, mtoto wangu wa pekee, ni mtafiti wa nyota. Anakaa mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, na kazi yake yote iko kwenye kompyuta. Siku ya kwanza kumtembelea nilibeba viazi na maziwa, nikitarajia kuonyeshwa darubini. Akaniambia darubini yenyewe iko angani, hajawahi kuigusa wala kuiona. Hutuma takwimu zake chini, na wataalamu huzichambua popote walipo. Nilikubali, ingawa kwangu ni sawa na kulima shamba kwa simu.

Miezi minne iliyopita, katika kuchambua huko, alipata nyota ambayo mwanga wake hufifia kidogo kila baada ya siku kumi na moja. Akasema huenda kuna sayari inayopita mbele yake. Alinionya kwa simu, "Baba, usiambie watu bado. Hiyo haijakuwa sayari, iko tu kwa foleni." Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliwaambia watu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sayari imeandikishwa kwa namba ndefu kuliko ya chesisi ya lori. Bwana Mwenyekiti, mimi nayajua maisha ya namba. Kwenye kiwanda chetu cha kahawa nilikuwa 417 kwa miaka thelathini na mmoja. Jirani yetu alipofariki, mwakilishi wa kiwanda alisimama kaburini akatoa rambirambi kwa familia ya 208, na mjane hakuitikia kwa sababu hakujua ni yeye anayepewa pole.

2. Mila imevunjwa. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi, linafuatwa. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, msichana wa kwanza la nyanya mzaa baba, kisha zamu inahamia upande wa mama. Binti asipoolewa, watoto wake huanza moja kwa moja na wazazi wake yeye. Lynn hajaolewa. Hesabu ni nyepesi: sayari ni Wamae.

Usidhani ni majivuno. Krismasi iliyopita, kati ya chapati na mchuzi wa mbuzi, Lynn alitutangazia kwamba hana mpango wa kuzaa. Ana miaka thelathini na minne na si mtu wa kubadilisha neno. Mama yake, Watiri, alilia. Mimi nilitoka kwenda kumwangalia ng'ombe, nikamwangalia muda mrefu. Kwetu mtu hurudi kwa jina. Kaka yangu Theuri ana wajukuu tisa, na ukiita "Theuri" uani kwake wanakuja mbio wanne. Ukiita "Wamae" kwangu, naitika mimi mwenyewe, na iko siku sitaitika. Jambo hilo linaniuma, na sioni aibu kulisema.

3. Kamati iamue kama sayari ni ya kiume au ya kike, kwa sababu nyumbani kwangu hakukaliki. Watiri anasema, "Kitu inazunguka nyumba moja maisha yote na haishukuriwi, hiyo ni mwanamke. Iitwe Watiri." Mgala muue na haki yake mpe: hoja hiyo ina nguvu. Yangu ni kwamba sayari ni kubwa mara nne kuliko dunia, ni nzito, na haisemi, kwa hivyo ni mwanamume. Mkiona Watiri ameshinda, tafadhali nijulisheni mimi peke yangu kwanza, nijiandae.

4. Mtoto ametembelewa kabla ya kuwa na jina, na hiyo ni fedheha. Akina mama wa kanisa letu waliposikia kwamba Lynn amepata, hawakungoja kuuliza amepata nini. Walifika Skuta wakiwa kumi na wawili, na ndizi, unga wa uji, blanketi la manjano na mzigo wa kuni, ingawa Lynn anapikia gesi. Lynn, ambaye nilimlea kwa adabu, aliwakaribisha ndani. Akaweka kompyuta mezani, akawaonyesha mtoto: mstari wa vitone vingi, na katikati yake bonde dogo.

Walisogea karibu. Kisha mwenyekiti wao, Nduta, akavaa miwani, akainama, akatazama lile bonde vizuri. Akasema, "Ii, huyu amechukua Wamae kabisa. Ona hapa kwa paji." Wote wakakubali. Wakaomba, wakanywa chai, wakaacha blanketi. Tangu hapo kila Jumapili wananiuliza mtoto anaitwa nani, nami nasimama mlangoni pa kanisa nikiwatajia tarakimu.

5. Haki za wajina zimepuuzwa. Mwaka wa sayari hii ni siku kumi na moja, maana yake tangu ipatikane imekuwa na siku ya kuzaliwa karibu kila wiki ya pili, bila hata keki. Sidai zote, moja kwa mwezi inatosha. Miezi ya kuizunguka ikipatikana, hata mmoja usiitwe Theuri. Chombo chochote kitakachotumwa huko kipitie Giakanja kwanza, kwa sababu mtu haendi kwa mtoto wa wenyewe bila kupiga hodi. Jirani yangu Mugo, aliyeuliza mbele ya watu, "Ati sayari? Na iko na title deed?", aandikiwe jibu rasmi lenye muhuri. Na siku nitakapofariki, tangazo la redio litaje niliowaacha kwa utaratibu huu: mke, binti, na sayari.

Nisipopata jibu ndani ya miaka mitatu ya sayari, yaani siku thelathini na tatu, nitalazimika kulifikisha jambo hili kwa chifu.

Nisalimie makamu wako, karani anayefungua barua, mlinzi wa lango, na walioko kule juu kwenye darubini, kama kuna watu. Waambie wavae vizuri, nasikia huko ni baridi kuliko hapa.

Ni mimi ninayengoja jina,

Simeon Wamae
(zamani 417)

Nakala: Akina mama wa kanisa; Theuri (aibandike ukutani).

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa imeshachapwa na Hamdan, mwenye duka la kompyuta hapa mjini, Lynn aliponifuata dukani. Nilimpa aisome. Aliisoma yote akiwa amesimama, akacheka alipofika kwenye paji, kisha akaacha kucheka. Sayari haipo. Nyuma ya nyota yetu, mbali zaidi, kuna nyota mbili zinazozibana kwa zamu, na kufifia kwao kulichanganyika na mwanga wa ile ya mbele. Amehakikisha kwa takwimu za darubini nyingine. Ana wiki mbili tangu ajue. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia, akasema, "Baba, nilikuwa naona vile umefurahi. Nikaona nikuachie kidogo." Hamdan akasema, "Pole mzee. Sisi na haya mawingu ya Nyeri, hata mwezi wa Idi huwa tunapigiwa simu."

Kwa hivyo nayaondoa malalamiko yote matano. Nilitaka kuichana barua, lakini Lynn amesema itumwe hivi hivi, kwa kuwa kosa likishaandikwa halifichwi, linasahihishwa chini yake. Yeye mwenyewe ndivyo alivyofanya. Hakungoja mwingine aligundue. Ameandika ripoti kueleza kwamba sayari haipo na kwamba aliyekosea ni yeye, na huko ng'ambo imepokelewa na kuwekwa mahali ambapo wataalamu wa dunia nzima wanaisoma. Nilimwomba Hamdan anifungulie niione. Sikuelewa hata mstari mmoja, ila ule wa juu, wenye jina la aliyeandika: L. Wamae. Niliusoma kwa sauti, mara mbili. Tafadhali msijisumbue tena na ombi langu. Hamdan amenichapia nakala mbili za ripoti hiyo, kwa herufi kubwa, ili Watiri naye aweze kusoma bila miwani.