Kaptagat Hawabaki Kituoni

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Leo nimekagua divisheni nzima. Kazi ya akili!

Mwalimu Mmarekani aliporudi kwao alituachia besiboli ya mezani: ubao, kadi na sheria. Besiboli yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Lakini kila jioni tunacheza kwa baraza ya Mama Wacera, fundi wa nguo, ambaye ndiye refa. Kila mtu na dadu yake ya ludo. Ukipiga, yaani ukirusha dadu, mchezaji wako anasonga kituo kimoja. Ni namba moja tu inayokuangusha. Akitoka kituo cha tatu akafika nyumbani, pointi. Au unamwambia akimbie bila kungoja kupiga. Hapo lazima upate nne kwenda juu. Chini ya hapo, amekufa.

Timu tatu, kila moja na jina la mahali pa huku kwetu. Wa mwisho Jumamosi anatoka, Zachariah, anayengoja nafasi, anakalia kiti chake. Sitakuwa mimi! Shule niliacha darasa la sita, kazi sina, na ni pale tu naitwa meneja.

Tathmini yangu: Moiben, ya Wanyonyi anayesaga unga posho mill. Mahindi na maziwa, wana nguvu, lakini wazito. Kapsoya, ya Mwihaki, binti ya Mama Wacera. Hakuna kitu, watu wa kulala. Kaptagat, yangu: watu wa mlimani, wakimbiaji watupu! Nani atawashika?

Nimemshauri Wanyonyi aanze kuaga watu. Akaniuliza kama dadu yangu imewahi kufika Kaptagat.

Wivu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepigwa na Mwihaki. Nimepigwa na Wanyonyi. Kila nikifika kituo nakimbia, kila nikikimbia nakufa. Mwihaki hakimbii hata kidogo! Anakaa kituoni kama mama kwa foleni ya kliniki, anapiga, anasogea, anapiga, yuko nyumbani. Huo ni mchezo?

Mama Wacera akaniambia, Kituyi mwanangu, si ubaki tu? Nikamjibu kwa heshima kwamba yeye, Mama, anajua kushona.

Kasoro nimeigundua. Dadu nilinunua mjini. Haijazoea mlima! Wanyonyi alisema kweli bila kujua.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaptagat asubuhi, dadu mfukoni, nikikimbia nyuma ya watu wa kambi ya riadha. Nilikuwa nao mpaka kona ya kwanza. Baada ya hapo nilikuwa na akina mama wa kuni. Nao wakanipita, na mizigo mgongoni! Mmoja akauliza kama mimi ni mgonjwa na kwetu ni wapi.

Kufika nyumbani, mfuko una tundu. Dadu imebaki msituni. Hiyo angalau itazoea mlima.

Hakuna shida. Nimechonga nyingine kwa sabuni ya kufulia. Mama yangu anatafuta sabuni yake. Nimemsaidia kutafuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya hukumu. Mwihaki anaongoza, hana wasiwasi. Wa kutoka ni mimi au Wanyonyi. Zachariah alifika amevaa shati la kanisa, akasimama karibu na kiti changu. Changu! Wanyonyi akanusa dadu yangu, akauliza kama nimekuja kucheza au kufua.

Zamu ya mwisho, yangu. Tuko sawa. Sare inamwokoa Wanyonyi, maana alinipiga Jumatano; pointi moja inaniokoa mimi. Na mtu wangu yuko kituo cha tatu! Nikipiga, namba yoyote isipokuwa moja inamleta nyumbani. Mama Wacera akasimamisha cherehani. Mwihaki akaninong'oneza, wewe Kituyi, piga tu, usijifanye. Hata Wanyonyi alikuwa ameanza kuchukua koti.

Piga tu? Kaptagat wabaki wamesimama? Wenyewe wakisikia watasema nini?

Nikatangaza: anakimbia!

Sabuni ikateleza mezani, ikazunguka, ikalala. Mbili.

Zachariah alikalia kiti kabla sijamaliza kusimama.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefikiria muda wote wa mahubiri. Kukimbia hakuna kosa. Kosa ni Kaptagat. Baridi ya kule inakaza miguu!

Nimemvizia Zachariah nje ya kanisa, nikamweleza kwamba timu bila kocha ni kundi la watu tu. Akauliza kocha ataketi wapi, viti ni vitatu. Nikasema kocha husimama. Amekubali! Timu tumeiita Kerio. Kule bondeni kuna joto, miguu inalegea vizuri.

Mwihaki alipita akamwambia Zachariah pole. Hakusema ya nini.

Somo la kwanza nimeshampa: ukifika kituo cha tatu, usisikilize mtu. Kimbia.