Ndege wa Kwenye Maua ya Elinipa

Jumatatu, 4 Mei 2026
Wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani wanafika Jumamosi. Watatembelea shamba moja tu, na kila mwaka ni la jirani yangu Solomoni, kuona gesi ya mavi ya ng'ombe ikichemsha chai. Mwaka huu hapana! Leo kwenye maua ya mke wangu Elinipa nimeona ndege mdogo kama kidole gumba. Mabawa kama kioo. Anaelea hewani huku akinyonya ua kwa mdomo mrefu. Nimekimbia kwa mchungaji, nikamwambia ndege huyo hayupo mahali pengine duniani. Amekubali waje kwangu. Kurudi, nimepita kwa Solomoni kumsalimia, bila sababu.

Jumatano, 6 Mei
Elinipa anasema yule ni mdudu, ana miguu sita. Nimemwambia hajahesabu vizuri. Taabu ni nyingine: viwavi wa kijani, wenye kipembe mkiani, wanakula kahawa yangu. Mgeni aone majani yametoboka kama chujio? Solomoni amechungulia uani, akanishauri nisipulizie dawa, niwaache tu. Nikamwelewa papo hapo. Anataka niaibike. Nimepulizia shamba zima, na maua pia, wasije wakahamia huko.

Ijumaa, 8 Mei
Ndege hakuna. Hata mmoja. Nimekwenda kumuuliza Solomoni amewafungia wapi. Akanijibu kwa upole kwamba viwavi wale ndio watoto wao. Wakikua wanageuka nondo, na ninayemwita ndege ni nondo anayeruka mchana. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mzee wa kanisa mzima kama yeye kusema hivyo!

Jumamosi, 9 Mei
Wageni tisa. Wamesimama mbele ya maua saa nzima. Amekuja kuku tu. Mama mmoja, mwalimu wa mambo ya wadudu huko kwao, akaona kiwavi mmoja kwenye jani la kahawa nililoliruka nikipulizia. Akafurahi kama amepata mjukuu. Halafu akanusa mti, akauliza nani amewaua wengine. Mchungaji alitafsiri taratibu sana. Wakaenda kunywa chai kwa Solomoni. Niliona aibu, nikajifungia chooni mpaka magari yakaondoka.

Jumapili, 10 Mei
Nimekubali. Kiwavi ndiye ndege. Basi leo baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za mazao, kulikuwa na kabichi imeliwa na viwavi, watu wanaicheka. Nimejipandishia bei mwenyewe mara tatu mpaka nikaipata. Viwavi kumi na wanane! Nimewapanga mmoja mmoja kwenye kahawa. Mwaka ujao wageni ni wangu. Bado hawajala kitu. Nadhani wanaona ugeni. Kabichi nimeificha, wasiikumbuke.